Aliyeshika Kamba

Likizo ya Desemba iliyopita, mpwa wangu mwenye umri wa miaka kumi na miwili alikuja kukaa nasi Migosi, mjini Kisumu, na jioni moja akaniketisha mbele ya kompyuta ili anifundishe mchezo wa Minecraft. Alikuwa mwalimu mwenye subira. Alinionyesha namna ya kukata mti kwa ngumi, kutengeneza sululu ya mbao, kisha ya mawe, kisha ya chuma, akanieleza kwamba dhahabu ikigongwa kwa sululu ya mawe huvunjika na kupotea bila kukuachia chochote. Nilipoanza kuchimba pale pale nilipokuwa nimesimama, alinishika mkono.

"Hapana, mjomba. Sheria ya kwanza ya mgodi ni kwamba usichimbe chini ya miguu yako mwenyewe."

Nilimtii, kwa sababu katika mchezo huo sheria yake ni ya haki: chini ya miguu yako huenda pana pango au ziwa la lava, na ukitumbukia humo unapoteza kila ulichobeba. Hata hivyo, nilikaa kimya muda mrefu kuliko alivyotarajia. Kila shimo nililolifahamu nilipokuwa kijana huko Ikolomani, katika kaunti ya Kakamega, lilianza kwa mtu kuchimba chini ya miguu yake mwenyewe. Alishuka wima hadi alipoufikia mshipa wa mawe meupe ya kwatzi, na hapo ndipo alipogeuka na kuufuata ubavuni mwa ardhi kokote ulikoelekea. Hakuogopa kushuka wima, kwa sababu kiunoni alikuwa na kamba, na upande wa pili wa kamba hiyo alikuwapo mtu. Kwa muda wa miezi kadhaa ya mwaka 2004, mtu huyo alikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kufanya mtihani wa KCSE, nikawa sina kazi wala karo ya kusomea chochote nilipokuwa nikingoja. Kwetu, kijana wa aina hiyo hakutafuta kazi mbali. Dhahabu imekuwa ikichimbwa Kakamega tangu mwaka 1931, mlowezi Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson alipoipata na kuwavuta mamia ya Wazungu waliokuja na mahema yao kutafuta bahati wakati bei ya mahindi na kahawa ilipokuwa imeanguka duniani kote. Marehemu babu yangu alifanya kazi katika mgodi wa Rosterman alipokuwa kijana, hadi ulipofungwa mwaka 1952, na alipenda kutueleza habari za kengele: mlio mmoja, miwili, mitatu, kila idadi na maana yake, na mtu aliyekaa kwenye mashine ya kupandishia watu hakuruhusiwa kuzungumza na yeyote. Alilitaja jambo hilo la kutozungumza kila alipotusimulia, nasi tulidhani ni ukali wa Wazungu tu.

Kuna jambo jingine ambalo babu hakulisahau. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi za wenyeji zingebaki kuwa za wenyeji daima, na kwamba kipande kikichukuliwa, wenyewe wangepewa kingine badala yake. Ilipobainika kwamba chini ya mashamba yetu mna dhahabu, sheria hiyo ilibadilishwa mwishoni mwa mwaka 1932, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa ajili ya machimbo na mwenyewe alipwe fedha badala ya kupewa ardhi nyingine. Ahadi ya daima ilidumu kwa takriban miaka miwili. Ninalitaja hili kwa sababu katika michezo ya kompyuta sijaona mgodi ulio katika shamba la mtu. Mchezaji anatua katika dunia isiyo na mwenyewe, anachimba apendapo, na hakuna mzee anayetoka nyumbani kuuliza anafanya nini kando ya migomba yake. Katika shimo letu mambo yalikuwa kinyume kabisa. Kabla jiwe la kwanza halijapigwa nyundo, mwenye shamba, mwenye shimo na wachimbaji walikaa chini wakakubaliana namna ya kugawana magunia ya mawe, na ugomvi mwingi nilioushuhudia haukuhusu dhahabu, ulihusu magunia. Siku hizi Sheria ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa nafasi ya kupata kibali kisichozidi miaka mitatu, na imegawa pia mrabaha, yaani malipo yanayotozwa kwa madini yanayochimbwa: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali penye machimbo. Wakati wangu hapakuwa na karatasi yoyote. Palikuwa na maneno ya watu na mashahidi wao.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kamba. Juu ya mdomo wa shimo palikuwa na gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, lenye mikono ya kuzungushia pande zote mbili, na kamba ilizungushwa hapo. Tulikuwa wawili tuliolizungusha, lakini mmoja ndiye aliyekuwa na jukumu la kusikiliza kwa kiganja, yaani kuweka mkono juu ya kamba na kuhisi kinachosemwa kutoka chini, kwa kuwa sauti ya mtu aliye ndani sana hupanda ikiwa imechanganyika na mwangwi, nawe huwezi kutofautisha neno na kikohozi. Mvuto mmoja ulikuwa na maana ya kusimama. Miwili: vuta ndoo. Mitatu: vuta mtu. Mchimbaji wetu mkuu, tuliyemwita Fundi, alinieleza mambo hayo asubuhi moja tu, kisha akajifunga kamba na kushuka, na sikupata nafasi ya kumwambia kwamba sikuwa na hakika nimeelewa.

Nilikuwa mwangalifu majuma mengi. Kisha nikazoea.

Mvua za mwezi wa Aprili zilijaza maji shimoni, na mwenye shimo akaazima pampu ya petroli. Mpira wa pampu haukuweza kuvuta maji kutoka kina kile hadi juu, kwa hiyo pampu yenyewe ilishushwa na kuwekwa kwenye kingo iliyochongwa katikati ya shimo, ikanguruma karibu asubuhi nzima. Ilipozimwa, Fundi alifanya kama alivyofundishwa na waliomtangulia: aliteremsha mshumaa uliowashwa ndani ya mkebe, tukautazama wote ukishuka, na ulipofika chini ukiwa bado unawaka, akasema hewa ni nzuri. Akashuka.

Siku hiyo palikuwa na redio. Mtu mmoja alikuwa ameileta, na mechi ya Gor Mahia ilikuwa ikizungumziwa, na mwenzangu wa gogo alikuwa na maoni ambayo niliona lazima niyapinge. Kiganja changu kilikuwa juu ya kamba, lakini mimi sikuwapo. Kilio kilichonirudisha kilikuwa cha mama mmoja aliyekuwa akiponda mawe hatua chache kutoka tulipokuwa: "Nyinyi vijana, kamba hiyo inatetemeka!" Haikuwa imevutwa mara tatu. Ilikuwa ikitikiswa kidogo kidogo bila mpango, kama kamba ya mbuzi aliyechoka. Tulizungusha gogo kwa nguvu ambazo sikujua tunazo, na Fundi alipotokea kichwa chake kilikuwa kimelala begani, midomo imebadilika rangi, na vidole vyake vilikuwa vimeing'ang'ania kamba hata ikabidi vibanduliwe kimoja kimoja. Alilazwa kwenye nyasi, akapepewa, akatapika, na baada ya muda ambao sijawahi kuweza kuukadiria, akafungua macho.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kilichotokea. Mshumaa huzimika pale hewa ya oksijeni inapopungua, na kwa hatari hiyo ni kipimo kizuri. Moshi wa injini ya petroli, hata hivyo, una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huikamata damu na kuizuia kubeba oksijeni, nayo haihitaji kuwa nyingi ili kumwangusha mtu. Kiasi kinachoua binadamu hakiuzimi mshumaa. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilijua jambo hili, na ndiyo sababu walishuka na ndege wadogo wa kufugwa, kanari, ambao huathirika mapema kuliko mtu. Desturi hiyo iliendelea kwao hadi mwaka 1986, vilipochukua nafasi vifaa vya kielektroniki. Sisi hatukuwa na ndege wala kifaa. Tulikuwa na mshumaa uliotuambia kweli nusu, na kijana aliyekuwa akibishana kuhusu mpira.

Fundi hakunipigia kelele. Jioni, alipoweza kuketi na kunywa maziwa, aliniuliza swali moja, "Ulikuwa unaangalia wapi?" na nilipokosa jibu hakulirudia. Kesho yake alimpa mtu mwingine kamba na kunituma nikaponde mawe pamoja na akina mama.

Nilidhani ni adhabu, na huenda ilikuwa adhabu, lakini majuma mawili niliyokaa kwenye kivuli kile ndiyo yaliyonifunza mgodi ni nini hasa. Mama aliyepiga kelele alikuwa akiponda mawe kwa miaka zaidi ya kumi. Aliweza kulipima jiwe kwa uzito wake mkononi, kulilamba, kuligeuza juani, na kuliweka kando na mengine, na mara nyingi alikuwa sahihi. Mawe yaliyopondwa yalipelekwa kwenye kinu yakasagwa yakawa unga, unga ukamwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia, na kwa kuwa dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, ilibaki imenaswa kwenye nyuzi huku mchanga ukienda zake. Kilichobaki kiliwekwa kwenye karai pamoja na zebaki na kusuguliwa kwa mikono mitupu hadi dhahabu na zebaki ziunde donge moja la rangi ya fedha. Donge hilo lilichomwa kwenye jiko la makaa, mara nyingi jikoni pale pale panapopikwa ugali, na watoto wakisogea kutazama namna weupe unavyogeuka kuwa manjano.

Ninapokumbuka hilo, moyo huniuma hadi leo. Mvuke wa zebaki huingia mwilini kupitia mapafu na kuharibu mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni huathirika kuliko wote. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaobeba jina la mji wa Japani ambako watu waliteseka kwa kula samaki wenye zebaki, unazitaka nchi zenye machimbo madogo ya dhahabu zikomeshe hasa mambo haya: kuchomea donge katika nyumba za watu na kulichoma mahali pa wazi bila chombo cha kuunasa mvuke. Chombo chenyewe ni kopo la chuma lenye mfuniko na bomba la kupoozea, kitu ambacho fundi wa jua kali anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Sisi hatukuwa nacho, wala hatukuwa tumekisikia.

Mauzo yalifanywa kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Tani nzima ya mwamba yenye gramu kumi za dhahabu ni mwamba wa kujivunia, kwa hiyo mama yule aliponda mawe kutwa kucha ili aende kwa mnunuzi na pointi moja au mbili zilizofungwa kwenye kipande cha karatasi. Sikumbuki kumwona mwanamke hata mmoja katika shimo letu aliyevaa dhahabu.

Kwa sababu hiyo, jioni ile ya Migosi, mpwa wangu alipopata vinofu vyake vya kwanza vya dhahabu na kuvitia kwenye tanuri, nilimwomba tufanye hesabu. Katika Minecraft, vipande tisa vya dhahabu huunda bloku moja, na bloku moja ni mita moja ya ujazo. Mita moja ya ujazo ya dhahabu ya kweli ina uzito wa tani 19.3. Mchezaji ana nafasi 36 za kubebea vitu, na kila nafasi huchukua bloku 64, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kutembea, kuruka na kuogelea akiwa amebeba zaidi ya tani 44,000 za dhahabu. Dhahabu yote ambayo binadamu wameichimba tangu zamani inakadiriwa kuwa tani 200,000 na zaidi kidogo. Mtoto alicheka hadi akashika tumbo, kisha akaniuliza pointi ni nini, nami nikamweleza, na hakucheka tena.

Sina nia ya kuushutumu mchezo huo, kwa kuwa umemfundisha mambo ambayo Fundi angeyasifu. Anawasha taa kila anapokwenda. Anaziweka upande mmoja wa ukuta anapoingia, ili atakaporudi zimwonyeshe njia. Anajua kwamba mchanga na changarawe huporomoka. Lakini ndani ya mchezo huo mwamba wenyewe hauporomoki kamwe. Unaweza kulichimba tumbo lote la mlima na paa likabaki limening'inia bila nguzo, na mienge ya mbao inawaka miaka na miaka chini ya ardhi bila kula hewa yoyote. Nilipochunguza michezo ya zamani niligundua kwamba ilikuwa mikali zaidi katika haya. Boulder Dash ya mwaka 1984 ilikuangushia jiwe mara tu ulipoondoa udongo chini yake. Manic Miner, iliyotungwa na kijana Mwingereza Matthew Smith mwaka 1983, ilikuwa na mstari chini ya kioo ulioonyesha hewa iliyobaki, nao ulipungua bila kusimama katika kila pango hadi mchezaji alipotoka au akafa. Mwaka mmoja baadaye, wachimbaji wa makaa wa nchi hiyo waliingia katika mgomo uliodumu karibu mwaka mzima. Sijui kama mtungaji alikuwa akiwafikiria, ila mstari ule wa hewa ndio kitu pekee katika michezo yote niliyoitazama ambacho kilinifanya nikae wima kwenye kiti.

Kinachokosekana katika michezo hiyo yote ni mtu wa juu. Mchimbaji wa kwenye kioo hushuka peke yake, hupata peke yake, na akifa huamka kitandani pake. Nimejaribu kumweleza mpwa wangu kwamba shimo halina mchimbaji mmoja: lina mwenye shamba, wa gogo, wa mbao za kuegemezea kuta, akina mama wa mawe, mwenye kinu, mnunuzi, na mama wa uji anayejua waliokunywa asubuhi ni wangapi na hivyo ndiye wa kwanza kujua jioni kama mmoja hajapanda. Mnamo Desemba 2021, shimo lilipoporomoka Abimbo, Bondo, katika kaunti ya Siaya, na watu wakafukiwa chini, nilifuatilia habari hizo usiku kucha, na sikuwa nikiwafikiria tu waliokuwa ndani. Nilimfikiria pia yeyote aliyekuwa juu siku ile akiwa na kamba mkononi.

Fundi alinirudishia kamba baada ya majuma mawili, bila sherehe. Alinyoosha tu mkono wenye ncha yake, nami nikaipokea. Nilikaa naye hadi mwisho wa mwaka. Hewa ile haikumuua. Aliugua kifua miaka ya baadaye, akatibiwa kifua kikuu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na alipofariki mwaka 2011 alikuwa mwepesi kama mtoto. Vumbi la kwatzi hukaa kwenye mapafu na kuyafanya magumu, na mapafu ya namna hiyo ndiyo kifua kikuu hupenda kurudia. Kumwagilia mwamba maji kabla ya kuutoboa na kufunga kinywa na pua kungempunguzia mengi. Nilipokwenda mazishini nilimkuta mama yule wa mawe, akanikumbuka, akaniita "kijana wa redio", na akanishika mkono muda mrefu.

Kabla likizo haijaisha nilimpeleka mpwa wangu Ikolomani. Shimo letu limefukiwa na juu yake pamepandwa nyasi za ng'ombe, hata ilinibidi nimwonyeshe kwa kidole mahali lilipokuwa. Lakini ng'ambo ya kijito palikuwa na shimo jipya, lenye gogo jipya, na kijana wa umri niliokuwa nao wakati ule alikuwa amesimama pembeni, kiganja chake juu ya kamba. Tulisimama mbali kidogo. Nilimwamkia kwa sauti, nikamuuliza habari za kazi. Alijibu kwa adabu kwamba ni nzuri, mzee, akatukaribisha, akatuomba tusisogee karibu na mdomo wa shimo, na muda wote huo hakugeuza kichwa kututazama.

"Mbona yeye hatuangalii?" mtoto aliniuliza kwa kunong'ona.

Nilimwambia tungoje. Tulingoja pale kwa muda mrefu, hadi gogo lilipoanza kuzunguka na kofia ya mtu ikaonekana.